Koti Lililochukuliwa kwa Utani

Desturi za nchi hii mie nilifundishwa na mwizi. Nalisema hili hata mbele ya wenzangu wa kanisani, kwa sababu hapa Temeke kila mtu anajua kwamba mie na yule mwanamke wa nyumba inayotazamana na yangu tuna jambo letu, na kila mwenye huruma anataka kutupatanisha. Sitaki kupatanishwa. Nataka kueleza tu ilivyokuwa, halafu anayetaka kunihukumu anihukumu.

Sie ni Wanyasa. Mume wangu alinioa huko kwetu, ng'ambo ya ziwa, akasikia kwamba Darisalama reli inatafuta watu wanaojua kusoma na kushika vyombo vya chuma. Tukaja, mie nina mimba ya kwanza. Temeke ya wakati ule ilikuwa minazi na mihogo, na nyumba za udongo moja moja. Ukitaka kwenda Chang'ombe unapita vichakani na fimbo mkononi kwa ajili ya nyoka. Tukapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya makuti. Mume wangu anatoka alfajiri kwenda karakana, mie nabaki uani na Kiswahili changu.

Na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha misheni. Nilijua kusema malaika na utakaso. Sikujua kusema nipe chumvi.

Siku za mwanzo nilipita mbele ya nyumba ile inayotazamana na yetu nikakuta wanawake wanakula barazani, wali na mchuzi wa papa. Wakaniambia, "Karibu!" Kwetu mtu akikuita kwenye chakula anataka ule, na ukikataa umemtukana. Nikakaa. Nikanawa. Nikala, tena nikala vizuri, maana mimba ilikuwa inataka. Wale wanawake wakanisogelezea sinia bila neno. Ila mmoja, mwenye nyumba, alicheka mpaka akashika nguzo. Nilipoondoka akanifuata.

"Shoga, karibu ile si ya kukaa."

"Si mmeniita?"

"Tumekuita kwa mdomo. Na wewe unajibu kwa mdomo. Unasema 'starehe,' unakwenda zako." Akanipiga piga begani. "Usijali. Nitakufundisha. Huku kwetu ndivyo."

Ndiyo akawa mwalimu wangu. Alinionyesha kukuna nazi bila kukuna vidole, na kutenga tui zito na tui jepesi. Aliniambia ukipiga hodi mara tatu usipoitikiwa unarudi, huchungulii dirishani. Aliniambia sahani ya jirani hairudi tupu, na shikamoo ni ya kila mzee, hata awe hana viatu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini katikati ya kweli alikuwa anachomeka mambo yake. Ati mgeni wa mtaa ndiye anayefagia uwanja wote kati ya nyumba zetu mpaka atakapokuja mgeni mwingine. Ati ndoo ya kwanza ya asubuhi anayoteka mgeni inakwenda nyumba ya aliyempokea. Ati ukipika maandazi ya kuuza, ya kwanza kutoka kwenye karai ni ya yule aliyekufundisha mji. Na kila mara anamaliza na maneno yale yale, uso umetulia kama wa mwalimu wa watoto wa Jumapili: "Huku kwetu ndivyo."

Mie nikafagia. Nikateka. Nikapeleka maandazi.

Mume wangu alikuwa akinitazama anacheka. "Mbona wewe tu ndiye unafagia?"

"Ndiyo desturi."

"Hata kwetu mgeni hafagii uwanja wa watu."

"Kwetu si huku, baba."

Nilikuwa namjibu hivyo kwa majivuno. Nilijiona mie ndiye ninayeijua nchi, yeye anajua karakana tu.

Sasa koti. Mume wangu alikuwa na koti moja jeusi, la sufu, lenye vifungo vya pembe. Alishonewa na fundi wa kwetu kwa ajili ya harusi yetu. Bitana ilipotuishia njiani, kwa maana fundi alikosea kupima, mie mwenyewe nilitoa gagulo langu la harusi, la maua mekundu, tukalikata, likawa ndiyo bitana. Nje, koti la mzee wa kanisa. Ndani, gagulo la mkewe. Tulikuwa tukicheka sana kwa hilo. Akiwa anasoma somo mbele ya watu Jumapili, alikuwa ananitupia jicho na kushika shika ubavu wa koti, na mie nainama nisicheke.

Kisha chuma kikamwangukia mguu kule kazini, akawa anachechemea. Baadaye kikaja kifua. Alikohoa msimu mzima wa mvua. Walipomlaza hospitali ya serikali, alinishika mkono akaniambia, "Unizike na koti langu. Nisije nikafika huko nimevaa kama mtu wa karakana." Nikamwambia, nitakuzika nalo. Nilisema wazi, nesi anasikia. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ndiyo habari yenyewe hii.

Maiti ililetwa nyumbani asubuhi. Waislamu wa mtaa walikuja kuliko hata watu wangu, Mungu awalipe. Mmoja kaleta kuni, mwingine unga, wanaume wanafunga turubai. Mie nimekaa kwenye mkeka ndani, koti nimelitandika kitandani tayari, nimelipiga pasi mwenyewe. Nikatoka kidogo tu kumwona mtoto aliyekuwa analia uani.

Hapo nikasikia kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha mume wangu hasa, na kile kimlio chake mwishoni. Nikageuka. Yule jirani yangu anatoka chumbani kwangu, kajipaka majivu usoni, kavaa koti. Anachechemea. Anazunguka uwanja mzima na mguu ule ule mbovu, anakohoa, anaita kwa sauti nzito:

"Mama wee! Lete chai! Chai yenyewe imepoa! Mie ndiyo marehemu, nimerudi kuchukua soksi zangu!"

Nilimwendea. Sijui nilikuwa nitamfanya nini, nadhani ningemng'oa nywele. Wanawake wakanidaka huku na huku.

"Niachieni! Mwambieni avue!"

Yeye anacheka, anarudi kinyumenyume. "Jamani mnamwona? Mie mtani wake! Shoga, mtani hakasirikiwi. Huku kwetu ndivyo!"

Wanawake wengine wakacheka ndani ya kanga zao. Wengine wakatazama chini. Hakuna aliyesema siyo. Nilipomuuliza mmoja wao baadaye sana, alinijibu, "Sie tulijua nyie Wanyasa mna utani na kabila lake. Tungejuaje, mwenzangu?" Hata mie nilijiuliza hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshaona misibani kwa watu mambo kama hayo, watu wanaruka jeneza, wanamwiga marehemu, wafiwa wanatabasamu na machozi yao. Nikadhani ndiyo hilo limenifika na mie.

Wazee wa kanisa letu wakaniita pembeni. Wakasema sie wageni hatupigani msibani, tutamzika na shati na shuka, Mungu haangalii koti. Tukamzika na shati. Lilikuwa na doa la grisi mkononi ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote.

Msiba ulipoisha nilikwenda kupiga hodi kwake.

"Nimefuata koti."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Koti gani, shoga?"

"La mume wangu. Utani si umekwisha?"

"Kilichochukuliwa kwa utani hakidaiwi. Ukikidai unamsumbua marehemu huko aliko. Mwenyewe nimekuonea huruma, nimechukua koti tu. Wengine huchukua hata kitanda."

Niliamini. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kuliko wizi wenyewe. Nilimwamini, nikasema ahsante kwa kunifundisha, nikarudi kwangu.

Jioni nikalisikia likipita. Koti la sufu lina mlio wake, mkono ukisugua ubavu. Nikachungulia. Mumewe, yule mzee mnene anayeuza mbao, anakwenda kunywa kahawa na wenzake, kalivaa, kifungo cha tumbo hakifiki.

Miaka mingi nililitazama koti lile. Vita vya Hitla vikaja, nguo zikapotea, watu wanapanga foleni kwa ajili ya kipande cha kaniki, na yule mzee akawa mtu mkubwa kwa sababu ya sufu ya mume wangu. Vijana wakamwita Bwana Makoti. Kiwiko kilipochanika walikishona kwa uzi wa kaki. Uzi wa kaki kwenye koti jeusi! Nililia kwa uzi ule kuliko nilivyolia siku ya kuzika. Nilitamani nimwombe nilishone mie, halafu nikajionea aibu kwa kutamani hivyo.

Mchungaji aliniambia nisamehe. Nikasali kila siku, sikuacha hata siku za homa. Ila nikifika kwenye ule mstari wa kuwasamehe waliotukosea, nakohoa. Wanangu walipokua wakadhani ni sehemu ya sala, na wao wakawa wanakohoa hapo. Nikawaacha.

Kurudi kwetu sikurudi. Watoto walikuwa wanasoma, na maandazi yangu yalikuwa na wateja mpaka Chang'ombe. Tena nitaondokaje, koti linabaki?

Baada ya vita kanisa likafungua darasa la jioni kwa kina mama. Tulikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yanagonga videvu, karabai inavuma juu. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kinyamwezi, mpole, mwenye masihara. Nilitaka nisome Neno mwenyewe bila kusomewa. Nikawa sikosi. Mvua inyeshe, nipo.

Jioni moja aliandika ubaoni: m-ta-ni. Tukasoma kwa pamoja. Akasema, "Haya, kila mmoja aniambie mtani wake ni nani, halafu aandike." Kina mama wakachangamka, huyu anataja kabila hili, huyu lile, wanachekana. Zamu yangu ilipofika nikataja kabila la jirani yangu.

Mwalimu akacheka. "Hapana, mama. Hao watani zangu mie. Watani wa Wanyamwezi tangu babu zetu wanashuka pwani na mizigo kichwani. Nyie Wanyasa hamna utani nao."

"Tunao."

"Nani kakwambia?"

Chaki ilikuwa mkononi, nikasikia inavunjika.

Nikasema polepole, "Mwalimu, hebu nieleze. Mtani wa kweli msibani anafanyaje?"

Akaona si masihara tena. Akaegemea meza. "Mtani wa kweli ndiye mtu wa kwanza kufika. Anachimba kaburi, anabeba maji, anapika, anaosha masufuria ambayo hakuna anayetaka kuyaosha. Wafiwa wanakaa, yeye anahangaika. Matusi na maigizo ni ya kuwapunguzia machozi, basi. Na akinyang'anya kitu, unamkomboa kwa kitu kidogo, hata yai, anakirudisha, mnacheka."

"Na asiporudisha? Na kazi hakufanya, alikaa tu akila wali?"

"Basi huyo si mtani, mama. Huyo kaiba."

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyepigwa kichwani. Pale njiani nikayapanga yote upya, tangu siku ya wali na papa. Starehe, kweli. Hodi mara tatu, kweli. Kufagia uwanja, uongo. Ndoo ya asubuhi, uongo. Maandazi ya kwanza, uongo, na nilikuwa nayapeleka mpaka asubuhi ile ile. Nilikuwa nimeibiwa kwa neno. Mwizi wa kawaida anavunja mlango; huyu aligonga, na mie mwenyewe nikamfungulia, nikamshukuru.

Kesho yake maandazi hayakwenda. Akatuma kuuliza. Nikajibu mafuta yamepanda bei.

Wengi wangekwenda kwa jumbe. Ningesema nini? Mashahidi wangu ni wanawake waliocheka. Angesema tulitaniana, na jumbe angecheka pia. Nikaona njia ni moja. Alinivisha utani, basi nitauvaa. Nitauvaa mpaka umbane yeye. Nikasubiri siku ambayo nyumba yake itajaa watu asioweza kuwafukuza.

Siku yenyewe ikawa harusi ya binti yake. Waoaji ni watu wa mjini, wenye heshima zao. Sinia zinapita, taarabu ya santuri inalia, wanawake wamevaa doti mpya. Baba wa bibi harusi amekaa mbele, kwenye kiti cha kuegemea, na koti juu ya kanzu.

Mie nikafunga mlango wangu. Nikasali. Sikumwomba Mungu anizuie. Nilimwomba tu nisijikwae. Kisha nikajipaka majivu usoni, nikavuka uwanja nikichechemea. Mwendo ule niliufahamu kuliko yeye alivyoufahamu, maana mie ndiye niliyeukanda mguu ule kwa maji ya moto.

"Hodi! Hodi wenye harusi! Mtani wenu nimekuja! Mbona mnakula bila mie, walafi nyie?"

Watu wakageuka, wakaona majivu, wakajua ni utani. Vigelegele vikapasuka. Waoaji ndio waliofurahi zaidi. "Karibu mtani! Mchape mzee huyo!"

Nikamfikia mzee. "Wewe tumbo, simama! Umekula mbao zote, sasa unakula na koti? Vua!"

Anacheka, hajui afanye nini, watu wanamshangilia. Nikamvua mkono mmoja, akatoa wa pili mwenyewe. Na nilipolishika tu nikaligeuza ndani nje, nikaliinua juu kwa mikono miwili.

Maua mekundu. Yamefifia, lakini maua.

"Tazameni jamani! Bwana Makoti kumbe miaka yote hii anatembea na gagulo langu! Gagulo langu la harusi, nilivuliwa na mume wangu, leo linamkumbatia huyu!"

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi alilala chini kabisa. Mzee mwenyewe aliziba uso kwa mikono. Na hapo ndipo jirani yangu akatoka jikoni mbio, kijiko cha pilau mkononi.

"Rudisha hilo koti! Wewe si mtani wetu!"

Kicheko kikakatika.

Nikasema taratibu, wote wanasikia, "Si mtani wenu?"

Akajua amekosea. Nikaona macho yake yanatafuta pa kukimbilia.

Shangazi yake, bibi mzee aliyekuja kutoka Chanika kwa ajili ya harusi, na ndiye mkubwa wa ukoo, akaweka chini kikombe chake. "Ngojeni. Huyu ni mtu wa wapi?"

"Mnyasa, shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sie na Wanyasa tuna utani tangu lini?"

"Hilo muulize mwanao, bibi. Mie mgeni. Yeye ndiye aliyenifundisha. Siku ya msiba wa mume wangu aliingia chumbani, akavaa koti hili ambalo nilikuwa nimeliandaa nimzike nalo mwenzangu, akasema yeye ni mtani. Akasema kilichochukuliwa kwa utani hakidaiwi. Nikamzika mume wangu na shati la kazini. Sasa leo nasikia mie si mtani. Kama si mtani, bibi, lile lilikuwa nini?"

Waoaji walikuwa wanamtazama mama mkwe wao mpya. Bibi mzee naye alikuwa anamtazama jirani yangu, aliyesimama na kijiko kimemning'inia mkononi, kinadondosha wali.

"Nakuuliza wewe," bibi akasema. "Mtani, au si mtani?"

Nilimwacha achague mwenyewe. Akisema si mtani, amekiri wizi wa nguo ya maiti mbele ya wakwe. Akisema ni mtani, koti langu, maana kilichochukuliwa kwa utani hakidaiwi.

"Ni mtani," akasema kwa sauti ndogo. "Ni wa... ni wa upande wa mume wangu, shangazi."

"Upande wangu?" mzee akaruka kwenye kiti. "Mie nina Mnyasa gani?"

"Nyamaza wewe!"

Watu wakacheka tena, lakini si kicheko cha mwanzo. Bibi akanigeukia. "Mpeni mtani koti lake. Na pilau."

Pilau sikula. Nilikunja koti, nikalifunga kiunoni kwa kanga, nikaenda nyuma ya nyumba ambako masufuria yamelundikana, yale makubwa ya shughuli yenye ukoko. Nikaanza kusugua kwa mchanga na majivu. Wanawake wakaniambia, "Acha mama, wewe mgeni." Nikawaambia, "Mtani huosha." Nilisema kwa sauti. Yeye alikuwa mlangoni, anaona. Niliosha yote, nikateka maji, nikafagia uwanja mpaka mlangoni kwake, ili kila aliyekuwepo aone utani unavyofanywa na mtu aliyeufuata kweli, na ajue yule mwingine alifanya nini kwangu.

Jumapili baada ya ibada nikaenda makaburini na mwanangu mkubwa na jembe. Mchungaji aliniambia marehemu havai. Nikamwambia najua, ila niliahidi. Ule uzi wa kaki niliufumua usiku uliotangulia, nikashona kiwiko kwa uzi mweusi. Mwanangu akachimba upande wa kichwani, tukaliweka limekunjwa, maua yakiwa ndani kama mwenyewe alivyopenda. Tukasali. Nilipofika kwenye mstari ule, nikakohoa.

Nilidhani basi, moyo utatulia. Sitadanganya, haukutulia. Koti alilivaa mtu miaka kumi na zaidi, na mume wangu alilala na doa la grisi miaka hiyo yote. Hilo halikombolewi kwa jioni moja ya kumcheka mzee.

Siku chache baadaye akaja mwenyewe kwangu. Alipiga hodi mara tatu, vizuri, kama alivyonifundisha.

"Karibu."

Akakaa ukingoni mwa kiti. "Koti umelipata. Tumalizane, dada."

"Tumalizaneje?"

"Tuuvunje huu utani. Watu wa mjini wananiuliza kila siku habari zako. Mwanangu ananiuliza. Tuuvunje, kila mtu akae kwake."

"Utani unavunjwa mbele ya wazee," nikamwambia. "Mwalimu wangu wa jioni kanieleza. Twende kwa shangazi yako Chanika, useme pale kwamba utani haukuwepo, na kwa nini ulisema upo. Useme mwenyewe kwa mdomo wako. Siku hiyo hiyo mie naacha."

"Wewe mcha Mungu. Unasali kutwa. Una roho gani?"

"Ile uliyoikuta."

Akaondoka, kikombe cha chai hajakigusa.

Mchungaji anasema ninamtesa. Huenda. Namsalimu kila asubuhi, mwanawe alipojifungua nilikuwa mtu wa kwanza kufika, na yeye mwenyewe alipougua homa nilimkanda kwa maji. Sijamdhuru kwa lolote ambalo mtani hafanyi. Ila Idi ikifika, ama akiwa na wageni, navuka uwanja na majivu usoni, nachukua ninachotaka mbele ya watu, na wao wananishangilia, na yeye inambidi acheke. Idi iliyopita nilichukua jogoo wawili na kitambaa cha meza. Yai la kukombolea alileta. Nikalipika nikala mbele yake, jogoo sikurudisha.

Chanika si mbali. Basi linakwenda asubuhi na kurudi jioni, na bibi yule bado yu hai na masikio yake mazima. Mpaka leo hajaenda.